Uchachu Unaolinda Uke

Mwanamke anasogea kwenye kaunta ya duka la dawa, anasubiri mteja wa kiume aondoke, kisha anasema kwa sauti ya chini: "Naomba dawa ya fangasi." Muuzaji haulizi kitu. Anampa klotrimazoli, vile vidonge vya kuingiza ukeni, na mazungumzo yanaishia hapo. Wiki mbili baadaye mteja yuleyule yuko palepale, na safari hii anaambiwa huenda ni UTI sugu, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, anapewa antibayotiki. Mwezi unaofuata shoga yake anamshauri ajisafishe kwa maji ya ndimu. Mara nyingi mtu wa namna hii hakuwa na fangasi tangu mwanzo, wala UTI. Kilichomtokea hakikutajwa na yeyote: bakteria wake wazuri walikuwa wamepungua, na wengine wameshika nafasi.

Sehemu ya mkanganyiko imo kwenye lugha yenyewe. Majimaji yoyote yanayotoka ukeni tumezoea kuyaita "uchafu", hata kwenye foleni ya zahanati: "Natokwa na uchafu." Kitu kikishaitwa uchafu, anayekisikia hufikiria maji na sabuni. Jina linalofaa zaidi ni ute. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa hutoa takriban mililita 1 hadi 4 za ute kwa siku, yaani kijiko cha chai ambacho hakijajaa. Ute huo una seli zilizokwisha muda wake, unyevu kutoka kwenye mlango wa kizazi, na bakteria. Huwa wa uwazi au mweupe, huvutika kama ute wa yai siku za katikati ya mzunguko, na ukikauka kwenye nguo huacha alama ya njano hafifu. Chupi nyeusi inayopauka pale katikati haina kasoro ya kiwandani. Imechujuliwa na asidi, na asidi hiyo ndiyo habari yetu.

Tutenganishe pia maneno mawili. Uke ni njia ya ndani, inayoanzia kwenye tundu na kuishia kwenye mlango wa kizazi. Mashavu, kinembe na ngozi inayovizunguka ni sehemu za nje. Mtu akisema "naosha uke" mara nyingi ana maana ya sehemu za nje, na hilo halina tatizo. Tatizo huanza kidole, kitambaa au bomba la maji linapoingia ndani.

Anayejua togwa ameshaelewa nusu

Fikiria togwa inavyotengenezwa. Uji wa mahindi unapikwa, unaachwa upoe hadi uwe vuguvugu, kisha unatiwa kimea, yaani unga wa ulezi au mtama uliooteshwa. Kimea kina vimeng'enya vinavyokatakata wanga kuwa sukari, ndiyo maana uji uliokuwa mzito hulegea na kuingia utamu. Halafu bakteria wa uchachu huila ile sukari na kutoa asidi ya laktiki. Kesho yake una kinywaji kichachu ambacho bakteria wengi wa kuharisha hawastawi ndani yake. Uji mtupu ungekuwa umeshaoza.

Uke hufanya kazi hiyohiyo usiku na mchana. Homoni ya estrojeni huziamuru seli za ukuta wa uke ziweke akiba ya glaikojeni, ambayo ni aina ya wanga wa mwilini. Seli za juu hubanduka kila wakati na kumwaga akiba hiyo. Kimeng'enya kiitwacho amilesi huikata iwe sukari fupi fupi, nacho ndicho kimea chenyewe. Bakteria wa jamii ya laktobasili huila sukari hiyo na kutoa asidi ya laktiki. Kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa matokeo huwa pH ya kati ya 3.8 na 4.5.

Kwa asiyezoea, pH ni kipimo cha uchachu kinachoanzia 0 hadi 14. Katikati, kwenye 7, ni maji safi. Kadiri namba inavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi, na kila hatua moja ni mara kumi. Damu yetu iko 7.4. Kwa hiyo uke wenye pH ya 4 una uchachu unaozidi wa damu kwa zaidi ya mara 2,000. Shahawa ziko kati ya 7.2 na 8, na sabuni nyingi za mche huwa 9 au 10. Shika namba hizi, zitatufaa mbele.

Bakteria hawa waliandikwa kwa mara ya kwanza na daktari wa Kijerumani Albert Döderlein mwaka 1892. Leo tunajua kwamba wanaotawala uke ni hasa aina nne: Lactobacillus crispatus, gasseri, jensenii na iners. Hawalingani kwa uaminifu. Crispatus ndiye askari wa kutegemewa. Akitawala, pH hushuka sana na wageni hupata tabu kuingia, kwa sababu mbali na asidi hutoa pia kemikali zinazowadhoofisha washindani, na hujishikiza kwenye ukuta wa uke asiwaachie wengine nafasi. Iners ni mlinzi anayekunywa chai na majambazi. Hupatikana kwa wanawake wazima wa afya, na hupatikana vilevile kwa walio katikati ya ugonjwa, akiishi nao bila shida. Asidi anayotoa ni ya aina moja tu kati ya mbili ambazo crispatus huzitoa. Ndiyo maana majibu ya kusema "una laktobasili" hayatoshi kumaliza mjadala.

Kila estrojeni inapopungua, akiba ya glaikojeni hupungua na uchachu hushuka. Msichana ambaye hajavunja ungo ana pH inayokaribia 7. Baada ya kujifungua estrojeni huporomoka, na anayenyonyesha anaweza kuwa mkavu kwa miezi. Baada ya kukoma hedhi pH hupanda tena kupita 5. Siku za hedhi nazo damu huizimua asidi, ndiyo maana harufu hubadilika kidogo siku hizo, kisha mambo hurejea. Katika ujauzito ni kinyume chake: estrojeni ni tele, na laktobasili huongezeka.

Shombo, na kwa nini ndimu inadanganya

Laktobasili wakipungua, bakteria wasiohitaji hewa ambao kwa kawaida ni wachache huongezeka mara mamia. Mashuhuri wao ni Gardnerella vaginalis, wakiandamana na Prevotella na wenzao. Hali hii huitwa vajinosisi ya bakteria, na kwenye karatasi za maabara huandikwa BV. Ndiyo sababu inayoongoza ya ute usio wa kawaida kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa, na wengi walio nayo hawana dalili yoyote. Anayepata dalili huona ute mwepesi, wa kijivu au mweupe kama maji ya unga, na harufu ya shombo la samaki. Muwasho huwa kidogo au hakuna.

Neno shombo hapa si tusi, ni kemia. Bakteria hao hutoa amini, ikiwamo trimethilamini, ambayo ndiyo ileile inayompa samaki harufu yake. Amini zikikutana na asidi hugeuka chumvi isiyoruka hewani, harufu inakatika. Zikikutana na kitu kisicho na asidi huachiliwa, harufu inapanda. Hapo utaelewa mambo mawili kwa mpigo. Kwanza, kwa nini harufu ya BV huzidi baada ya tendo la ndoa: shahawa zenye pH ya 7 na ushei zimeziachilia amini. Pili, kwa nini mpishi humwosha samaki kwa ndimu.

Na ndiyo maana ushauri wa kujisafisha kwa ndimu hauishi mitaani: kwa saa chache unafanya kazi. Harufu inapotea. Lakini samaki aliyeoshwa kwa ndimu hakuacha kuwa samaki. Bakteria wako palepale, na maji ya ndimu yenye pH ya karibu 2 yamechubua ngozi laini ya ndani. Jioni harufu inarudi, mtu anaongeza ndimu, na mzunguko unaendelea. Shabu ya kubana uke, maji ya chumvi, majani ya kujifukizia na dawa za kuulia vijidudu za chupa zote zinaingia kwenye kapu hilo.

Vipi zile sabuni za "usafi wa mwanamke" zenye namba ya pH kwenye lebo? Nje, ukipenda, hazina neno. Ndani hazina kazi. Kukamulia ndimu kwenye uji hakuufanyi uwe togwa. Uchachu wenye manufaa ni ule unaotengenezwa hapo hapo, kila saa, na bakteria walio hai.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake kuhusu jambo hili. Mjini Mombasa watafiti waliwafuatilia kwa miaka 10 wanawake 1,270 waliokuwa wakifanya biashara ya ngono, na mwaka 2006 wakachapisha matokeo: waliojiosha ndani kwa maji walikuwa na uwezekano wa kupata VVU mara 2.6 kuliko wasiojiosha ndani kabisa, na waliotumia sabuni mara 3.8. Utafiti wa kufuatilia hauthibitishi kwamba kuosha peke yake ndiko kulikosababisha, kwa kuwa anayejiosha sana anaweza kutofautiana na wenzake kwa mambo mengine. Ila mwelekeo unafanana na wa tafiti nyingine za mji huohuo, ambako kukosa laktobasili kulikwenda pamoja na maambukizi zaidi ya VVU na kisonono.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Afrika Kusini, kwenye jaribio la jeli ya tenofovir ya kupaka ukeni kuzuia VVU. Watafiti walipowagawa washiriki kwa bakteria zao, mwaka 2017 waliripoti kwamba jeli ilipunguza maambukizi kwa asilimia 61 kwa wenye laktobasili wengi, na kwa asilimia 18 tu kwa wengine. Gardnerella alikuwa anaivunja dawa kabla haijafanya kazi. Dawa ya kinga ya kumeza haionekani kuathiriwa hivyo, kwa hiyo anayetumia vidonge vya PrEP asiviache kwa kusoma hapa.

Fangasi ni nani, basi?

Fangasi wa ukeni, hasa Candida albicans, ni kisa kingine kabisa. Dalili yake kuu ni muwasho unaomkosesha mtu raha, wekundu, kuungua mkojo unapogusa ngozi, na ute mzito mweupe kama maziwa yaliyokatika. Harufu kali hakuna. Jambo ambalo hata wauzaji wa dawa hulisahau ni kwamba fangasi hawaogopi uchachu. Mtu anaweza kuwa na pH ya 4, laktobasili tele, na fangasi juu yake. Kwa hiyo "rudisha pH" si tiba ya fangasi. Hustawi zaidi kwa mjamzito, kwa mwenye kisukari kisichodhibitiwa, na kwa aliyetoka kumeza antibayotiki kama amoksilini. Tiba ya kawaida ni kidonge kimoja cha flukonazoli cha miligramu 150 au klotrimazoli ya ukeni. Mjamzito hapewi flukonazoli ya kumeza, hutumia klotrimazoli kwa siku 7.

Wa tatu ni trikomonasi. Huyu si bakteria wala fangasi, ni kimelea kinachoambukizwa kwa ngono. Ute wake mara nyingi ni wa njano au kijani, wakati mwingine una povu, na mwenzi lazima atibiwe wakati uleule.

Ukiangalia hao watatu utaona kwa nini dawa ya kubahatisha inashindwa. Klotrimazoli haigusi BV. Metronidazoli, dawa ya BV na trikomonasi, haigusi fangasi. Antibayotiki ya UTI inaweza kuwamaliza hata laktobasili wachache waliobaki, kisha ikamletea mtu fangasi wa kweli.

Kuwatofautisha hakuhitaji mashine ya mamilioni. Mhudumu hugusisha ute kwenye karatasi ya pH: ikivuka 4.5, fangasi peke yake huwa si mshukiwa mkuu. Huongeza tone la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 na kunusa. Shombo likilipuka, ni amini. Kisha huweka tone jingine kwenye kioo chini ya hadubini. Seli ya kawaida ya uke ina kingo safi. Yenye BV imebandikwa bakteria hadi kingo hazionekani, kama mkate wa ufuta. Ukijumlisha na ute mwepesi wa kijivu unapata vigezo vinne, na vitatu vikitimia ni BV. Vigezo hivi vinatumika tangu 1983. Kituo kisicho na hadubini hutibu kwa dalili, mara nyingi kwa kutoa dawa ya BV na trikomonasi pamoja na ya fangasi. Si vibaya pasipo na njia nyingine, ila tatizo likirudi mara ya pili dai vipimo.

Kwa nini inarudi

Tiba ya BV ni metronidazoli miligramu 400 au 500 mara mbili kwa siku kwa siku 7, au jeli yake ya asilimia 0.75, gramu 5 ukeni kila usiku kwa siku 5, au krimu ya klindamisini ya asilimia 2, gramu 5 kwa usiku 7. Vidonge humezwa baada ya chakula kwa sababu huleta kichefuchefu na ladha ya chuma mdomoni, na ladha hiyo, pamoja na harufu kuisha siku ya tatu, ndiyo huwafanya wengi waweke vilivyobaki "akiba". Krimu na vidonge vya ukeni vyenye mafuta hudhoofisha kondomu za mpira, jambo ambalo nadra mtu kuambiwa dirishani.

Hata aliyemaliza dozi hana uhakika. Zaidi ya nusu hurudiwa ndani ya mwaka. Sababu ya kwanza ni utando: Gardnerella hujijengea tabaka la utelezi ukutani, kama ule unaoushika mkononi ukisugua tangi la maji lililokaa muda. Dawa huua wanaoelea na wa juu, wa chini wakabaki. Sababu ya pili ni kwamba dawa hung'oa magugu lakini haipandi mbegu. Anayejitokeza kwanza kwenye shamba tupu mara nyingi ni iners, yule mlinzi wetu wa mashaka.

Sababu ya tatu imepata uzito hivi karibuni, nayo ni mwenzi. Mwaka 2025 watafiti wa Australia walichapisha jaribio la wapenzi 164 walio katika uhusiano wa mtu mmoja kwa mmoja. Mwanamume alipopewa metronidazoli ya kumeza pamoja na krimu ya klindamisini ya kupaka uumeni kwa siku 7, BV ilirudi kwa asilimia 35 ya wanawake ndani ya wiki 12. Mwanamke alipotibiwa peke yake, ilirudi kwa asilimia 63. Hii haimaanishi kila mwenye BV kasalitiwa. Bakteria hao wanaweza kukaa chini ya govi na kwenye njia ya mkojo ya mwanamume bila kumpa dalili yoyote, wakapokelewa na kurudishwa kati ya watu waaminifu kabisa. Huko Rakai, Uganda, wake wa wanaume waliotahiriwa kwenye jaribio la tohara walikuwa na BV kidogo kuliko wa wasiotahiriwa, na hilo linaingia kwenye picha hiyohiyo.

Mbegu je, zinapandwa? Kupaka mtindi ukeni hakusaidii, kwani bakteria wa mtindi wamezoea maziwa na si wenyeji wa uke. Ukiwa na sukari ndiyo mbaya zaidi. Unywe, ni chakula kizuri. Vidonge vya "bakteria wazuri" vinavyouzwa mitandaoni kwa bei ya kutisha vingi havina crispatus kabisa, na ushahidi wake ni dhaifu. Fedha hiyo afadhali iende kwenye vipimo. Kilichoonyesha matumaini ni unga wa crispatus wa kuingizwa ukeni baada ya metronidazoli, uliojaribiwa Marekani kwa wanawake 228: wiki ya 12 BV ilikuwa imerudi kwa asilimia 30, dhidi ya 45 kwa waliopewa unga mtupu. Kwenye rafu za maduka ya kwetu usitarajie kuukuta. Kitunguu saumu ukeni huunguza, basi.

Kuna ute ambao si wa kujadiliana na bakteria. Ute wenye damu nje ya hedhi au baada ya tendo, au wenye harufu ya kuoza kwa wiki kadhaa, unahitaji mlango wa kizazi uangaliwe, maana saratani yake hujificha nyuma ya maneno "uchafu" na "fangasi". Maumivu ya chini ya kitovu pamoja na homa ni ya kwenda siku hiyohiyo. Mjamzito mwenye dalili naye asikae nyumbani, kwa kuwa BV huambatana na hatari ya kujifungua kabla ya wakati.

Ukienda kupimwa, nje osha kwa maji kama kawaida, kutoka mbele kwenda nyuma, ndani usiguse. Usiweke kidonge chochote ukeni kwa siku mbili au tatu kabla, na usikutane na mwenzi wako usiku wa kuamkia kipimo, maana shahawa hupandisha pH na kumchanganya mpimaji. Mtajie kila dawa uliyotumia mwezi huo, ndimu na shabu zikiwemo. Na badala ya "nina fangasi", mwambie ute una rangi gani, unanuka au haunuki, unawasha au hauwashi, na ulianza lini.